Kisiwa cha Kwenye Picha

Nafula,

Nianze na mama yako, maana najua ndiyo habari ungeuliza kwanza. Anakula. Kaka yako Wafula alinipigia jana akasema amekunywa uji asubuhi, na mchana akawafokea watoto wa jirani walioacha lango wazi. Kwa hiyo bado ni yeye. Ila na mimi haongei, na ana haki. Ndiyo maana siku yangu ya mapumziko nimekaa kitandani hapa Mansoura, Doha, na kalamu, nguo za kazi zikiwa bado kwenye beseni.

Nakuandikia kukuambia kwamba navunja kiapo. Uliniapisha kwamba Mama asijue maisha yako ya kule yalivyokuwa, nami nikaapa, na ukafa nikiwa nimekishika hicho kiapo kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu kituoni. Sasa nakiachia. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini nisikilize mpaka mwisho. Ukiwa hai hukuwahi kuniacha nimalize sentensi.

Mimi bado niko Pearl, kwenye kile kisiwa cha matajiri, nalinda mlango uleule wa upande wa boti. Yule paka amezaa. Unamkumbuka? Ndiye aliyetukutanisha. Nilikuwa namgombeza kwa Kiswahili kwa sababu alikuwa anang'ang'ania kuingia kwenye ubaridi wa ndani, na wewe ukatokea ukisukuma kigari cha mtoto wa Madam. "Huyo ni paka wa huku," ukasema, "mfukuze kwa Kiarabu." Nikakuambia Kiarabu changu ni yalla na khalas tu, "haya" na "basi". "Basi anza na yalla." Kuanzia Ijumaa hiyo ukawa unakuja kwetu Mansoura kupika ugali, na Sunita, mlinzi mwenzangu wa Nepal, akawa analala dirisha likiwa wazi kwa sababu ya harufu ya omena zako.

Halafu mabosi wako wakaenda likizo Karibiani. Wiki mbili. Wakarudi pua zimebabuka na akili zimehama. Madam akakuambia kule ndiko binadamu anakopaswa kuishi, Doha ni saruji na vumbi. Kabla mwaka haujaisha wakawa wamepata nyumba kisiwani, mume atafanya kazi zake kwa kompyuta, na wewe ukaambiwa mtoto halali bila wewe, kwa hiyo mtaondoka pamoja. Tuliwacheka. Mtu akikaa mahali wiki mbili akiletewa chakula na kutandikiwa kitanda, haulizi maji yanatoka wapi. Lakini na sisi hatukuuliza, Nafula, na sisi ndio wachota maji.

Mama yako alisimama kanisani kule Kimilili akatoa shukrani. Alisema binti yake ametolewa jangwani akapelekwa kisiwani, na akina mama wakapiga vigelegele. Wewe ulinionyesha video hiyo mara nne.

Mimi ndiye niliyekufungia begi. Nikakuwekea unga, majani ya chai, dawa za malaria alizoniletea binamu yangu kutoka nyumbani, na vile vidonge vya maumivu tunavyovimeza sisi kwa kichwa, kwa mgongo, kwa hedhi na kwa huzuni. Ukasema, "Mwende, unanipeleka vitani?" Nikakujibu kwamba joto na mbu ni vilevile kila mahali. Nilijiona nina akili sana siku hiyo.

Sauti yako ya kwanza iliingia kwenye simu alasiri moja nikisubiri basi la kampuni. Kwako kulikuwa asubuhi. Nilidhani utaniimbia. Badala yake ulinong'ona, kwa sababu Madam alikuwa chumba cha pili analia.

Nyumba haikuwa upande ule waliokaa wakiwa likizo. Upande ule ni wa mahoteli. Ninyi mlikuwa nyuma ya kilima, upande wa upepo, na bahari ilikuwa imeleta mwani. Si mwani ule wa kuokota. Ulisema umejaa ufukweni mpaka magotini, wa kahawia, unaoza, unanuka mayai viza, hata vijiko vya fedha vya Madam vimebadilika rangi kwa ile hewa. Maji ya kutumia ni ya mvua, yanatoka kwenye paa na kuingia kwenye tangi chini ya sakafu, na mvua ikikawia linakuja lori, na lori likikawia mnaoga kwa kikombe. Umeme unakwenda na kurudi utakavyo wenyewe. Chakula kinakuja na meli mara moja kwa wiki, bahari ikichafuka hakiji, na duka linabaki na haradali na mishumaa. Halafu kukawa na ile ya kabichi. Ulizunguka kabichi moja iliyonyauka mara tatu kabla hujaichukua, na ulipokwenda kuishika ukamkuta mzee wa watu naye ameishika upande wa pili, mkabaki mnatazamana. Nimeisikiliza hiyo mara nyingi. Unacheka mpaka unakohoa.

Wenyeji ulisema ni watu wazuri, wanasalimia kila mtu njiani, lakini wamechoka kuwa pambo la likizo za wengine. Ulisema pia kwamba huko mgeni wa wiki mbili ni mfalme, na mgeni wa kukaa ni mtu wa foleni kama wote. Mabosi wako hawakuwa wameambiwa hilo. Madam alilia wiki mbili, ya tatu akaanza kukufokea wewe, kana kwamba mwani umekuja kwenye begi lako.

Jumapili moja ulipata saa mbili za kwako ukashuka ule upande mzuri, wenye maji ya buluu, ili upige picha za kutuma nyumbani. Mlinzi akakusimamisha. Hukuwa na ule mkanda wanaovaa wageni wa hoteli mkononi. Ulinisimulia ukicheka: "Alikuwa na sura yako kabisa, ile sura yako ya kazini." Nami nilicheka. Kesho yake nikamtoa nje mwanamke mmoja aliyetaka kumsubiri mwenzake kivulini, na sikulala vizuri.

Ndipo uliponiomba. Mama alikuwa ameshaahidi kanisa picha. "Nipigie hapo kwako Pearl," ukasema. "Maji ni maji, kisiwa ni kisiwa." Na kweli kazi yangu iko kisiwani, ingawa hiki changu ni cha kutengenezwa, mchanga uliomwagwa baharini ukajengewa juu. Nilipiga zile nyumba za rangi kwenye mifereji, nikapiga boti nyeupe, nikapiga machweo. Kazi kubwa ilikuwa kukwepa. Nikwepe maandishi ya Kiarabu, nikwepe mabwana wa kanzu, nikwepe bendera, nimkwepe supavaiza. Miti ndiyo ilitushinda. Mjomba wako aliyewahi kufanya kazi Mombasa aliuliza mbona minazi ya huko ni mitende, na wewe ukamjibu kwamba minazi ya Karibiani ndivyo ilivyo. Akakubali. Tulicheka siku mbili.

Kisha Mama akasema picha ni nzuri, lakini mbona mwanawe hayumo?

Tungeacha hapo, Nafula. Nalifikiria sana hilo. Lakini ulikuwa umeniachia lile gauni lako la njano kwa sababu begi lilijaa, na mimi na wewe tuna urefu mmoja. Nililivaa chini ya sare, zamu ilipoisha nikavua sare chooni, nikafunga leso yako kichwani, nikasimama kando ya maji nimeipa kamera mgongo. Sunita akapiga. Hakuuliza kitu, alisema tu nisimame wima kidogo kwa sababu ninasimama kama mlinzi. Wewe ukaituma nyumbani. Mama akaisafisha kubwa, akaiwekea fremu na kioo, akaitundika sebuleni juu ya redio. Baada ya hapo tukawa tunakutengenezea maisha karibu kila Ijumaa.

Na mimi nilifurahi. Nikuambie ukweli, leo siogopi kuchekwa. Ile nusu saa kabla basi halijafika, nikiwa na gauni na upepo, nilikuwa mtu aliyehamia Karibiani. Nilikuwa nasahau kwamba kuna mtu ninayemfichia.

Picha zikaenda kwa Mama, sauti zikaja kwangu. Kwenye sauti ulikuwa ukitukana, ukilia, ukimwimbia mbwa wa Madam kwa Kibukusu, ukiniambia hujapata siku ya kupumzika tangu lini, na kwamba kibali chako kiko mikononi mwa mabosi na huwezi hata kupanda kivuko bila wao kujua. Kila ukimaliza ulisema, "Mama asijue. Apa." Nikaapa kila mara.

Miezi ya vimbunga ilipoanza, mabosi wakaondoka na mtoto wakarudi kwao mpaka hali itulie. Wakakuachia mbwa, nyumba na mbao za kupigilia madirishani. Ulizipigilia mwenyewe, ukakaa siku tatu chini ya meza ya jikoni na yule mbwa mkisubiri kimbunga, na kimbunga kikapita mbali. Kilichobaki ni maji ya mvua kwenye kila kopo na kila jani la mgomba. Na mbu.

Ulinipigia nikiwa kwenye zamu, nikajificha kwenye ngazi na simu. Kichwa, ukasema. Macho yanauma kwa nyuma. Mifupa kama imepondwa. Nikakujibu kama daktari: "Hiyo ni malaria, Nafula. Malaria si unaijua wewe. Meza zile dawa, na vile vya maumivu meza viwili viwili, usingoje viishe nguvu." Nani kati yetu hajawahi kujitibu hivyo? Kwetu homa ina jina moja mpaka daktari aseme vingine.

Huko malaria haipo. Yule mama muuza mikate, jirani yako pekee aliyekuja kukugongea mlango, ndiye aliyeniambia baadaye, pole pole, kwa kile Kiingereza chao cha kuimba. Huko kila mtu anajua homa ya aina hiyo ni dengi, na kila mtu anajua vidonge vya maumivu kama vile havimezwi, vinafungulia damu. Mtoto wa shule angekuambia. Lakini hukumuuliza mtoto wa shule, uliniuliza mimi.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja. Ndege ndogo ya kukupeleka kisiwa kikubwa ilikuwa inasubiri upepo utulie. Ulikufa asubuhi ya kwenu, nikiwa mimi nimo kwenye foleni ya kupanda basi. Sauti yako ya mwisho ilikuwa ya jana yake. Unasema, "Mwende, nimemeza zile ulizoniambia, viwili viwili. Fizi zinatoka damu lakini nitakuwa sawa. Mama asijue." Basi. Hata kwaheri hukusema, kwa sababu hukujua ni kwaheri.

Haikuwezekana uletwe nyumbani. Walisema kisiwani hakuna mahali pa kuhifadhi mwili kwa muda, na mabosi wako waliandika ujumbe mzuri wa rambirambi, kisha wakawa hawapatikani. Kanisa la yule muuza mikate ndilo lililokuzika. Ardhi ya pale ni mwamba, hivyo wanazika juu ya ardhi, ndani ya sanduku la saruji. Alinitumia picha. Sanduku la kijivu, nambari iliyoandikwa kwa rangi, ua la waya, mbuzi mmoja amesimama nyuma anatazama kamera. Katika muda wote huo, hiyo ndiyo picha ya kwanza ya kweli ya kisiwa chako niliyowahi kuiona. Nikaituma kwa Mama.

Hakuiamini.

Wafula ananiambia aliishika simu akaenda nayo mpaka kwenye ile fremu, akalinganisha. Ziko wapi nyumba za rangi? Ziko wapi boti? "Hapa si kwa mwanangu," akasema. "Wamezika mtu mwingine." Wazee wakamweleza kwamba mwili usipopatikana mila iko, watazika mgomba mahali pako, matanga yafanyike, watu wanyolewe, nyumba ipumzike. Walichimba. Akaenda akakaa kwenye ukingo wa lile shimo na kiti chake cha jikoni. Akawaambia hawezi kumzikia mgomba mtu anayetembea ufukweni na gauni la njano. Siku kumi na moja shimo likakaa wazi, Nafula, wanalifunika kwa mabati mvua ikija.

Na kila jioni alinipigia mimi. Hakuwa analia. Alikuwa anaongea vizuri, ananiuliza kazi, ananiuliza kifua changu. Kisha anasema, "Ukiongea naye, mwambie apige ya leo anitumie. Hizi nilizonazo ni za zamani."

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata Sunita. Mara moja nililivaa. Nilivaa gauni lako nikafunga leso, nikasimama mbele ya kioo cha hapa chumbani, nikawaza: moja tu, apate usingizi. Nilikuwa nimeshajigeuza mgongo. Kisha nikaona nitamtumia ya kesho pia, na ya kesho kutwa, na mama yako atazeeka ukingoni mwa shimo akikusubiri, na mimi nitazeeka nikiwa wewe. Nikalivua. Nililia kwa sauti mpaka mama wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Ijumaa iliyopita nilimpigia. Nilimwambia yote niliyoweza kuyasema kwa pumzi moja, gauni, Sunita, mifereji, mitende ya mjomba. Nikamwambia kisiwa cha kwenye picha ni cha Doha, na kwamba mahali penye mbuzi ndipo ulipo. Nikasikia kuku wake.

"Kwa hiyo pale ukutani ni wewe," akasema.

Nikamwambia ni mimi, Mama.

"Na zote zile."

Nikamwambia zote.

"Basi mimi sina hata moja," akasema, na simu ikakatika.

Sikutegemea hilo. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa aniite mchawi. Sikuwa nimewaza kwamba kwa kusema ukweli nitakuwa nimemnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho. Mwaka na nusu wa mwisho wa maisha ya mtoto wake, na hana hata picha moja.

Mgomba ulizikwa Jumamosi. Alikubali. Wafula anasema alisimama mwenyewe akamwaga udongo wa kwanza, akaingia ndani, akaishusha ile fremu na kuigeuza ikatazama ukuta. Hakuitupa. Sijui nilielewe vipi hilo, na sijamuuliza mtu.

Sasa unajua ninachotaka kufanya. Picha hana, lakini sauti zako ninazo mimi, zote, tangu ile ya kunong'ona. Humo ndimo ulimo. Ni zako na ni za kweli, na yeye ndiye aliyekuzaa. Nikiendelea kukutii wewe, nitakuwa nimemzika mtoto wake mara ya pili kwa mikono yangu. Atasikia ulivyofokewa. Atasikia siku zile tatu chini ya meza. Ataumia, Nafula, sana, lakini atakuwa anaumia juu ya mtu aliyekuwepo.

Juzi nilizisikiliza tangu mwanzo ili nizipange. Nilipofika ile ya mwisho kidole changu kikakaa juu ya alama ya kufuta. Kilikaa muda mrefu. Yule muuza mikate hajui ni nani aliyekuambia umeze. Nesi hajui. Mama anajua ulipata homa ya huko, basi. Ningeweza kumpa sauti zako zote, nikamficha hiyo moja ya sekunde chache, nikabaki yule rafiki aliyekosea kwa picha tu, na kosa la picha baada ya miaka mtu husamehewa. Nilijiambia ni kwa ajili yake, asizidi kuumia. Unaona jinsi ninavyojua kusema? Ni maneno yaleyale tuliyoyatumia siku zote.

Sikuifuta. Sijui kama ni ushujaa au ni uchovu.

Likizo yangu imekubaliwa. Nitashuka Nairobi wiki ijayo na sitakwenda Kitui kwanza, mama yangu nimeshamwambia, ameguna lakini ameelewa. Nitakwenda Kimilili. Sitazituma kwa simu azisikilize peke yake jikoni. Asiponifungulia lango nitakaa nje mpaka anifokee, maana akinifokea ataanza kuongea.

Kwaheri, Nafula. Pumzika hapo juu ya mwamba, na usiwe na wasiwasi juu ya yule mbwa, muuza mikate amemchukua. Kile kiapo cha zamani kimekwisha, nakuapia hiki kingine badala yake. Nitaanza na ile ya kabichi, ili acheke kwanza kama bado anaweza, kisha zitafuata kama zilivyokuja na sitaruka hata moja. Na ile ya mwisho nitaifungua mwenyewe, nikiwa nimekaa karibu naye, mahali ambapo mkono wake unanifikia.

Mwende